Kutokosa Maharagwe Machanga: Mboga ya Moto wa Polepole

Karatasi hii yaeleza namna ya kupika maganda mabichi ya maharagwe kwa moto mdogo, hata yawe laini na matamu, yafae kuliwa pamoja na ugali, wali, viazi au ndizi. Imeandikwa kwa ajili ya mkulima, na hasa kwa ajili ya yule apikaye nyumbani. Isome yote kwanza kabla ya kuwasha moto, kwa maana kuna jambo moja ndani yake ambalo asiyelijua aweza kujidhuru yeye na watoto wake.

KWA NINI TWAFUNDISHA JAMBO HILI

Katika Kenya, kule Mwea na Machakos, na katika Tanzania, kwenye miteremko ya mlima Meru, wako wakulima wengi wapandao maharagwe si kwa ajili ya mbegu kavu, bali kwa ajili ya maganda machanga, ambayo wengine huyaita mishiri. Maganda haya huuzwa mbali, hata Ulaya. Mnunuzi huko ataka ganda jembamba, lililonyoka, lisilo na doa. Kwa kipimo cha biashara, lile jembamba sana halipiti milimita 6 kwa unene, na lile jembamba halipiti milimita 9. Lililozidi hapo, au lililopinda kama ndoano, au lililoanza kuonyesha mbegu zake, hukataliwa au hushushwa bei.

Basi hayo yaliyokataliwa huenda wapi? Mara nyingi hutupwa kando ya banda au hupewa ng'ombe. Na jioni ile ile, katika nyumba ile ile, watoto hula ugali kwa chumvi, au kwa mchuzi mwepesi usio na mboga. Ukiuliza sababu, utajibiwa ya kuwa maganda haya ni magumu, yana nyuzi, nayo yana ladha ya majani mabichi.

Ni kweli kwamba maganda yaliyopikwa kwa haraka huwa hivyo. Walakini kosa si la ganda, kosa ni la upishi. Ganda jembamba la mnunuzi laiva kwa muda mfupi tu, lakini ganda lililonenepa lahitaji moto mdogo na muda mrefu. Likipewa muda wake, hulainika, huinywa chumvi na kitunguu, na kuwa mboga nzito ya kushibisha, ambayo mzee asiye na meno aweza kuila, na mgonjwa aliyeanza kupona huitamani. Kwa hiyo usitupe chakula kilichokwisha kugharimu mbegu yako, maji yako na mgongo wako.

GANDA LA HARAGWE NI KITU GANI

Haragwe la ganda na haragwe kavu ni watoto wa mmea mmoja. Asili ya mmea huu ni bara la Amerika, kwa watu wa Meksiko na wa milima ya Andes, nao ulienezwa duniani baada ya mabaharia wa Ulaya kufika huko mwisho wa karne ya 15. Leo umezoeleka Afrika Mashariki hata mtu hudhani umekuwapo tangu zamani za kale.

Maganda huanza kuchumwa kati ya siku 45 na 60 tangu kupanda, kufuatana na aina ya mbegu na baridi ya mahali. Mbegu kavu hukomaa baadaye, yapata miezi mitatu. Kati ya nyakati hizi mbili ganda hubadilika kila siku. Kwanza ni jembamba na lavunjika kwa mlio likikunjwa. Kisha mbegu huvimba ndani, ngozi yake huwa nene, na uzi ulio kwenye mshono wa ganda hukaza.

Yafaa ujue mambo mawili juu ya ugumu huu. La kwanza, nyama ya ganda imeshikamanishwa na kitu kama gundi, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji ya moto polepole. Hii ndiyo sababu ya moto mdogo wa muda mrefu. La pili, uzi wa mshono hauyeyuki, hata ukipika tangu asubuhi hata jioni. Uzi ni kazi ya mkono, wala si kazi ya moto: sharti uvutwe na kutupwa kabla ya kupika. Ziko aina zisizo na uzi, ambazo mfuga mbegu mmoja wa Marekani, Calvin Keeney, alianza kuzipata katika miaka ya 1890. Lakini usidhani tu kwamba zako ni za namna hiyo. Vunja ncha ya ganda moja, uvute, nawe utaona.

Tena, mkulima, usiache maganda yaliyonenepa yabaki juu ya mmea kwa kuwa hayauziki. Mmea wenye mbegu zinazokomaa hupunguza kutoa maua mapya. Kwa hiyo kuyachuma ni faida mara mbili: mmea huendelea kuzaa maganda ya kuuza, na jikoni hupatikana mboga.

JIHADHARI NA DAWA YA SHAMBA

Kama shamba lilipuliziwa dawa ya wadudu au ya ukungu, tazama karatasi iliyobandikwa kwenye chombo cha dawa. Hapo imeandikwa idadi ya siku ambazo yapasa kungoja kati ya kupulizia na kuchuma. Siku hizo si kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya peke yake. Tumbo la mtoto wako halina nguvu kupita tumbo la mgeni. Ikiwa siku hazijatimia, maganda hayo yasiliwe nyumbani, wala yasipewe ng'ombe wa maziwa. Kuosha kwa maji hupunguza vumbi na sehemu ya dawa iliyo juu ya ngozi, lakini hakuondoi dawa iliyokwisha kuingia ndani.

JAMBO LILILO KUBWA: YATOKOTE KWA NGUVU KWANZA

Sasa twafika kwenye jambo tulilolitaja mwanzo. Ndani ya maharagwe mabichi, maganda yake na zaidi mbegu zake, mna sumu ya asili. Mmea waitumia kujikinga na walao. Sumu hiyo yapatikana zaidi katika maharagwe mekundu makavu: punje nne au tano tu zikiliwa mbichi zaweza kumfanya mtu augue. Katika ganda changa ni kidogo, lakini kadiri mbegu zinavyovimba ndani ya ganda, ndivyo inavyozidi.

Aliyekula huanza kusikia kichefuchefu baada ya saa moja hadi tatu, kisha hutapika sana, na baadaye huharisha. Watu wengi hupona baada ya saa kadha, lakini mtoto mdogo aweza kupungukiwa na maji mwilini upesi, naye sharti anyweshwe maji yenye chumvi na sukari ya kutibia kuhara, na kupelekwa kwa mganga wa hospitali.

Sumu hii yaharibiwa kabisa na maji yanayotokota. Lakini angalia: haiharibiwi na joto dogo. Maharagwe yaliyopashwa moto mpaka digrii 80 tu, bila kutokota, yaweza kuwa na sumu kali kupita yale mabichi. Ndiyo maana mtu apikaye polepole yumo hatarini kuliko apikaye kwa haraka, kama hajui kanuni. Huweka chungu juu ya makaa yanayokufa, akitumaini muda utafanya kazi ya moto. Muda hauwezi kufanya kazi hiyo.

Basi kanuni ni hii, nayo haina budi kushikwa: KWANZA MAJI YATOKOTE KWA NGUVU, NDIPO MOTO UPUNGUZWE. Kwa maganda machanga, ambayo mbegu zake ni ndogo kama punje ya mchele, acha yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili. Hesabu tangu maji yanapotokota tena baada ya maganda kutiwa, wala si tangu chungu kilipotelekwa. Kwa maganda ambayo mbegu zake zimekwisha kuvimba, acha yatokote kwa nguvu dakika 30.

Tena, wewe ukaaye milimani ukumbuke kwamba maji hutokota kwa joto dogo kadiri nchi inavyopanda juu. Pwani hutokota kwa digrii 100. Nairobi, palipo na urefu wa mita 1,700 hivi juu ya bahari, hutokota kwa digrii 94 au 95. Joto hilo latosha kuharibu sumu, lakini gundi ya ganda huyeyuka polepole zaidi. Kwa hiyo mpishi wa Limuru au Lushoto asishangae akiona mboga yake yachukua muda mrefu kuliko ya dada yake aliyeolewa Mombasa au Tanga.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu watano au sita, mboga hii ikiwa ya kuliwa pamoja na ugali au wali:

Maganda ya maharagwe, gramu 500
Kitunguu maji kikubwa kimoja
Kitunguu saumu, punje mbili
Nyanya mbivu mbili
Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa viwili
Chumvi, kijiko cha chai kimoja
Maji ya moto, vikombe viwili au zaidi kidogo
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, nusu kikombe. Au tui zito la nazi, kikombe kimoja

Kama huna karanga wala nazi, mboga hupikika bila hizo. Lakini usiache mafuta kabisa, kwa sababu tutakayoieleza mbele. Chombo kizuri ni chungu cha udongo au sufuria nene yenye kifuniko kinachokaa sawasawa. Sufuria nyembamba huunguza chini kabla juu hakujaiva.

NAMNA YA KUPIKA

1. Chagua maganda. Yaliyooza au kutoboka na funza yatupe. Osha yaliyobaki kwa maji safi kabla ya kuyakata, wala si baada ya kuyakata, maana yakioshwa yakiwa yamekatwa hupoteza utamu na nguvu zake majini.

2. Vunja ncha mbili za kila ganda, na kila uvunjapo vuta uzi ushuke pamoja na ncha. Kisha kata vipande vya urefu wa vidole viwili. Ukiona ganda ambalo ngozi yake imekuwa kavu kama karatasi, lipasue, utoe mbegu, utie mbegu peke yake. Ngozi hiyo haitalainika.

3. Teleka chungu, tia mafuta, kaanga kitunguu maji mpaka kiwe laini na kuanza kugeuka rangi. Tia kitunguu saumu kilichopondwa. Kisha tia maganda, uyageuze kwa mwiko dakika mbili au tatu, hata yote yapate mafuta.

4. Mimina maji ya moto mpaka yakaribie kuyafunika maganda. Tia chumvi. Chochea moto. Yakianza kutokota, funika, na acha yatokote kwa nguvu kwa muda ule uliotajwa: dakika 10, au 30 kwa yale yenye mbegu zilizovimba. Maji yakipungua, ongeza maji ya moto, si ya baridi, kwa maana maji ya baridi huzima mtokoto, nawe utalazimika kuanza kuhesabu upya.

5. Sasa ondoa kuni, ubakize moja au mbili. Kama wapikia makaa, yasambaze. Maji yawe yakichemka kwa mapovu madogo, moja hapa, moja pale. Funika, uache dakika 40. Usikoroge kila wakati. Tikisa chungu mara moja moja ili mboga isishike chini.

6. Chukua kipande kimoja, ukibonyeze kwa mwiko kando ya chungu. Kikikatika kwa mlio, bado. Kikibonyea na kupasuka bila shida, kimeiva, na sasa waweza kutia nyanya zilizokatwa. Acha dakika 15 zaidi.

7. Mwisho tia karanga zilizokorogwa na maji kidogo ya moto, uache dakika 10 juu ya moto mdogo kabisa, ukigeuza polepole. Kama ni tui, usifunike, na endelea kukoroga mpaka lianze kuchemka, lisije likakatika. Watu wa pwani wana busara nyingine: hupika kwa tui jepesi badala ya maji, na kuacha tui zito mpaka mwisho. Njia hiyo ni njema sana.

8. Epua, uache chungu kimefunikwa dakika 10 kabla ya kupakua. Mchuzi uwe kidogo na mzito, wa kushika ugali, wala usiwe mwingi wa kumwagwa.

SABABU ZA KILA JAMBO

Mpishi ajuaye sababu hahitaji kusimamiwa. Kwa hiyo twaeleza.

Kwa nini nyanya hutiwa mwisho? Kwa sababu ya uchachu wake. Uchachu hukaza ile gundi ya ganda isiyeyuke. Ukitia nyanya mwanzo, utapika saa nzima na maganda yatabaki magumu. Nawe utalaumu mbegu, au utalaumu kuni. Ndivyo ilivyo pia kwa ndimu na ukwaju. Lainisha kwanza, chachua baadaye. Kanuni hii yafaa kwa maharagwe makavu vilevile.

Kwa nini chumvi hutiwa mapema? Wengi hufundishwa ya kuwa chumvi hufanya maharagwe kuwa magumu. Sivyo. Chumvi katika maji husaidia ngozi kulainika, na tena huingia ndani ya mboga badala ya kukaa juu yake.

Je, magadi? Ni desturi katika nyumba nyingi kutia magadi, yale yaletwayo kutoka ziwa Magadi au ziwa Natron, ili mboga iive upesi na kubaki na rangi ya majani. Ni kweli kwamba magadi hufanya hivyo. Lakini huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida za jamii ya kunde, na yakizidi huipa mboga ladha ya sabuni. Ukifuata njia ya moto wa polepole huhitaji magadi. Rangi itafifia kidogo, iwe kama ya zeituni. Usione haya kwa rangi hiyo; ndiyo alama ya mboga iliyopikwa ikaiva.

Na maji je? Maji ya visima vya nchi ya mawe ya chokaa, kama yalivyo mahali pengi pwani, huchelewesha kuiva, kwa maana chokaa hukaza gundi kama uchachu ukazavyo. Ukiwa na maji ya mvua yaliyo safi, tumia hayo kwa kupikia maharagwe, na maji ya kisima yawe ya kazi nyingine.

KUPUNGUZA KUNI

Utasema: moto wa saa nzima na zaidi ni kuni nyingi. Jibu ni kwamba moto mdogo hula kuni chache, na tena waweza kuuondoa kabisa kwa njia ya kikapu.

Chukua kikapu kikubwa chenye kufuma kwa kubana, au sanduku. Kijaze nyasi kavu, au majani makavu ya mgomba, au matambara, ukibakiza katikati nafasi ya kukaa sufuria sawasawa. Shona mto wa matambara wa kufunika juu. Maganda yakiisha kutokota kwa nguvu kwa muda wake wote, epua sufuria ikiwa ingali inatokota, ifunike vizuri, itie kikapuni mara moja, funika kwa mto, na uende shambani. Baada ya saa mbili utakuta mboga imeendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Hapo rudisha motoni, tia nyanya na karanga, na uitokose tena kabla ya kula.

Lakini shika masharti manne. Usitie kikapuni maganda yasiyokwisha kutokota kwa nguvu, kwa ajili ya ile sumu. Sufuria iwe karibu kujaa, kwani sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi. Usifunue kutazama. Wala usilaze chakula kikapuni usiku kucha, kwa maana chakula cha uvuguvugu ni kitanda cha vijidudu.

FAIDA YAKE MWILINI

Tuseme ukweli: ganda changa si haragwe kavu. Gramu 100 za maharagwe makavu yasiyopikwa zina gramu 20 na zaidi za protini, ile ijengayo mwili. Gramu 100 za maganda mabichi zina gramu 2 tu au pungufu kidogo. Kwa hiyo usimpe mtoto mboga hii badala ya maharagwe, samaki, yai au maziwa. Mpe pamoja navyo. Ukitia karanga, umeongeza protini, nayo mboga imekuwa chakula cha maana zaidi.

Ganda lina vitu vingine: nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, madini ya chuma kidogo, na vitu vya rangi ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, iliyo kinga ya macho. Hivi vya macho haviingii mwilini vema pasipo mafuta. Hii ndiyo sababu tuliyoahidi kuieleza: mafuta, karanga au nazi si anasa katika mboga hii, bali ni sehemu ya dawa yake.

Vitamini C ni habari nyingine. Ganda bichi lina kiasi chake, lakini moto mrefu huiharibu kwa sehemu kubwa, na nyingine huingia majini. Kwa hiyo usimwage mchuzi, uule. Na baada ya chakula, mpe kila mtoto pera au chungwa. Tunda hilo hurudisha kilichopotea, na husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai ya majani na ingoje kidogo, maana huzuia madini hayo.

NCHI NYINGINE NAZO HUPIKA HIVI

Usidhani kwamba mboga iliyopikwa hata ikalainika kabisa ni upishi wa mtu asiyejua. Watu wa Ugiriki hupika maganda ya maharagwe kwa mafuta mengi ya zeituni, vitunguu na nyanya, na huita chakula hicho fasolakia. Waturuki na watu wa Lebanoni wana upishi ulio karibu na huo, na mara nyingi huula ukiwa umepoa, pamoja na mkate. Kusini mwa Marekani huyatokosa kwa muda mrefu pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, mpaka mchuzi upate ladha ya moshi. Mahali pote hapo ni chakula cha nyumbani, cha mama na bibi, wala si chakula cha kuonyesha wageni. Nawe, ukitia karanga za Tabora au nazi ya Pemba, umefanya jambo lile lile kwa mali ya nchi yako.

KUHIFADHI KILICHOBAKI

Mboga hii huzidi utamu ikilala, lakini ilale kwa akili. Isikae jikoni zaidi ya saa mbili baada ya kupoa. Mwenye jokofu aitie humo, iliwe kwa muda wa siku mbili au tatu. Asiye na jokofu apike kiasi cha kuliwa siku ile, hasa akitia nazi, kwa kuwa tui huchacha upesi. Kila mara unapopasha chakula, na kitokote, wala si kupata uvuguvugu tu.

KWA UFUPI

Chuma maganda yaliyonenepa, usiyatupe. Ngoja siku za dawa zitimie. Vuta nyuzi. Yatokote kwa nguvu dakika 10, au dakika 30 yakiwa na mbegu zilizovimba. Kisha moto uwe mdogo, na muda uwe mrefu. Nyanya mwisho. Mafuta yasikose. Mchuzi usimwagwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ni hatari kuanza kupika maharagwe kwa moto mdogo?
2. Dakika za kutokota huhesabiwa tangu lini?
3. Ni kitu gani katika ganda ambacho moto hauwezi kukilainisha, nawe wakiondoaje?
4. Jirani yako alitia nyanya mwanzo, na maganda yake yakakataa kuiva. Utamweleza nini?
5. Je, ganda changa laweza kushika nafasi ya haragwe kavu katika chakula cha mtoto? Toa sababu.

Ukiweza kujibu haya yote bila kutazama juu, umeshika somo. Lililobaki ni kwenda shambani na kikapu, na kurudi na yale maganda ambayo mnunuzi aliyakataa.